Shilingi ya kwanza iende kwenye kiti cha meno

Saa nne usiku, dirisha la duka la dawa. Mtu amesimama, kiganja kimebana shavu, kichwa kimelala upande mmoja. Maneno yake ni mawili tu: "Dawa ya jino." Muuzaji naye haulizi mengi. Anakata amoksilini kumi, Flagyl kumi, diklofenaki sita, anafunga kwenye kikaratasi na kusema, "Asubuhi, mchana, jioni." Hela inapita chini ya nondo, mtu anaondoka.

Baada ya siku chache ni mtu yuleyule, dirisha lilelile.

Hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila safari ya dirishani ni hela ndogo, na kwa sababu ni ndogo hakuna anayeijumlisha. Ukizijumlisha safari tatu au nne, na nauli, na siku za kazi zilizopotea, mara nyingi unakaribia kabisa gharama ya kung'oa jino hilo kwenye kituo cha afya cha serikali. Hela imetoka, na jino bado liko mdomoni linaoza.

Asiye na bima ana shilingi chache za kuchezea kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo swali langu ni moja: zile za kwanza ziende wapi?

## Kwa nini vidonge havifiki

Katikati ya jino kuna chumba chembamba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Shimo likikifikia, kiini huvimba. Kidole kikivimba ngozi hutanuka, lakini kiini kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote na hakina pa kutanukia. Shinikizo hupanda, mshipa wa fahamu unabanwa. Ukilala, damu huzidi kwenda kichwani, ndiyo maana jino lililovumilika mchana kutwa halivumiliki saa nane usiku.

Katika hatua hiyo antibayotiki haipunguzi maumivu, maana tatizo ni uvimbe uliofungiwa ndani ya ukuta. Baadaye kiini hufa, na hapo mambo huwa mabaya zaidi.

Dawa husafiri kwenye damu. Kiini kilichokufa hakina damu.

Vidonge vitapigana na vijidudu vilivyotoka nje ya mzizi na kuingia kwenye taya. Shavu litapungua, mgonjwa atashukuru. Ila vilivyobaki ndani ya jino hakuna kinachovigusa. Dozi ikiisha vinaanza upya, na dozi ikikatwa nusu, kama ilivyo kawaida ya dirishani, huweza kuanza upya mapema zaidi, na huenda vikiwa sugu.

Kuna pia siku maumivu hukoma yenyewe ghafla. Watu husema jino limepona. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa fahamu umekufa, na wiki au miezi kadhaa mbele kitatokea kijipu kwenye ufizi au shavu litaamka limevimba.

## Lisome jino kabla ya kutoka nyumbani

Unaweza kukisia unakwenda kulipia nini, na ni vizuri ukisie, kwa sababu tofauti ya bei ni kubwa.

Chukua maji ya baridi, yapitishe kwenye jino. Maumivu yakija na kuondoka ndani ya sekunde chache, uwezekano ni mkubwa kwamba kiini bado kinaweza kupona. Hapo kuziba kunatosha. Yakiendelea nusu dakika au zaidi baada ya maji kutoka, au jino likikuamsha usingizini bila kuguswa, kiini kimeshaharibika na kuziba peke yake hakutasaidia. Zimebaki njia mbili: kung'oa au kutibu mzizi, yaani kutoa kiini, kusafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi na kuijaza. Na jino likiuma ukiligonga au ukiuma kitu, ukihisi kama limerefuka kuliko wenzake, ujue vijidudu vimefika kwenye ncha ya mzizi.

Daktari atapima mwenyewe na huenda akaona tofauti. Lakini anayefika akijua lake ni la kundi gani haagizwi huku na huku bila kuelewa.

## Lisilosubiri asubuhi

Maumivu peke yake, hata yawe makali namna gani, yanaweza kusubiri kupambazuke. Haya hayasubiri:

Uvimbe ulioshuka chini ya taya au shingoni, hasa pande zote mbili. Ulimi unaosukumwa juu. Mate yanayotiririka kwa sababu kumeza kunauma. Sauti iliyobadilika. Mdomo usiofunguka upana wa vidole viwili. Homa yenye kutetemeka pamoja na uvimbe. Uvimbe wa shavu uliopanda mpaka jicho limeziba. Pumzi fupi.

Hapo usitafute kliniki ya meno. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, usiku huohuo. Kwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala, na Muhimbili ipo kwa yanayozidi uwezo wao. Usaha wa gego la chini unaweza kutambaa chini ya ulimi na kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa wa aina hii anahitaji kwanza watu wanaojua kulinda pumzi, jino litafuata. Wala msiahirishe kwa sababu ya hela. Mwenye hatari ya kufa anatakiwa kupokelewa kwanza, malipo yajadiliwe baadaye.

Dharura nyingine inayokimbizana na saa ni jino la ukubwani lililong'oka zima kwa kuanguka au kugongwa. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kwa maji safi kwa sekunde chache tu, lirudishe kwenye shimo lake, muhusika aume kitambaa kulishikilia. Ikishindikana, liweke kwenye maziwa ya baridi. Uwezekano wa kushika tena hupungua kila dakika, na baada ya saa moja nje likiwa kavu unabaki mdogo sana. Jino la utoto halirudishwi, maana laweza kuumiza la ukubwani linalokuja chini yake.

## Usiku mmoja tu

Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za jamii ya aspirini, wala ujauzito, anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, pamoja na parasetamoli miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500. Mchanganyiko huu hutuliza jino vizuri kuliko kimoja peke yake. Parasetamoli inarudiwa kila baada ya saa 6, isizidi vidonge vinane kwa saa 24. Ibuprofeni kila baada ya saa 8. Mjamzito abaki na parasetamoli.

Kosa linalotokea sana: mtu ameshameza diklofenaki, kisha anaongeza ibuprofeni. Hizo ni ndugu, na tumbo na figo ndivyo vinavyolipa. Lingine: vidonge vya mchanganyiko vya maumivu mara nyingi vina parasetamoli ndani, hivyo ukiongeza Panadol unapita kipimo bila kujua. Soma mgongo wa karatasi ya vidonge.

Karafuu inasaidia kweli. Mafuta yake yana eujeno, ileile ambayo madaktari huchanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuzibia kwa muda, ndiyo maana kliniki ya meno hunukia karafuu. Tone moja kwenye pamba ndogo, pamba ndani ya shimo. Lisimwagike kwenye ufizi, linaunguza. Aspirini ya kusagwa juu ya ufizi nayo huacha kidonda cheupe kinachouma siku nyingi kuliko jino lenyewe.

Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Inua kichwa kwa mito miwili. Usikande shavu lililovimba kwa kitu cha moto.

Na huo uwe usiku mmoja. Ukifika wa tatu, umerudi palepale dirishani.

## Asubuhi, na wapi

Kwa jino la kung'oa au la kuziba, hospitali ya taifa si mahali pa kuanzia. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye chumba cha kinywa na meno. Si kila kituo kinacho, na zahanati nyingi hazina, kwa hiyo piga simu au uliza kabla ya kupanda daladala: "Mna tabibu wa meno? Yupo leo? Ganzi ipo?" Maswali hayo matatu huokoa nauli. Tabibu wa meno amesomea hasa kung'oa na kuziba, na kwa jino la kawaida ndiye unayemhitaji.

Fika saa moja asubuhi. Mara nyingi seti za koleo zilizochemshwa huwa chache, na zikiisha foleni huambiwa irudi kesho hata kama daktari yupo. Kula kabla. Wengi huenda na njaa wakidhani ndivyo inavyotakiwa, na wanaoanguka kwenye kiti baada ya sindano ni haohao ambao hawakunywa hata chai.

Presha itapimwa. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, kung'oa huahirishwa kwa kawaida, kwa hiyo mwenye dawa za presha azimeze asubuhi hiyo kama kila siku. Mwenye kisukari aende na daftari lake. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aseme kabla ya kitu chochote, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Njia nyingine ya nafuu ni vyuo. Muhimbili kuna shule ya meno ya chuo kikuu cha afya cha hapo, MUHAS, na Nairobi kuna ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wa miaka ya mwisho hutibu chini ya macho ya walimu. Utakaa kwenye kiti muda mrefu, maana kila hatua inakaguliwa. Kwa kutibu mzizi huko kukaguliwa ni faida. Kwa maumivu ya leo, uliza kwanza kama wanapokea dharura siku hiyo.

Kliniki za mtaani zisizo na leseni zina bei ndogo kuliko zote, na hapo nasema wazi: usiende. Leseni hubandikwa ukutani, na wanaotibu meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Tazama pia mkononi mwa anayekutibu. Vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukiona. Ganzi huja kwenye kichupa cha glasi chembamba kuliko kidole cha mtoto, ujazo wa mililita 1.8, na kichupa kilichobaki nusu kwa mgonjwa aliyetangulia si chako.

## Bei haiko sehemu moja

Mtu huuliza "kung'oa jino shilingi ngapi?", anajibiwa, anakwenda na hela hiyohiyo, kisha anakwama. Bei hukatwa vipandevipande: kufungua faili na kumwona daktari, picha ya X-ray, kung'oa kwenyewe, dawa za kwenda nazo. Gego lililovunjika chini ya ufizi huitwa upasuaji mdogo na lina bei yake. Uliza hivi: "Mpaka natoka getini, jumla ni kiasi gani?"

X-ray si lazima kwa kila jino. Jino linalolegea halihitaji. Gego la mwisho lililolala, au la kutibiwa mzizi, linahitaji. Unaweza kuuliza kwa adabu picha hiyo itabadilisha nini. Daktari mzuri atakujibu kwa sentensi moja.

## "Njoo baada ya siku tano"

Hapa ndipo wengi hupotelea, na ndipo mimi mwenyewe nilipositasita zaidi nikiandika. Unafika umevimba, unaandikiwa antibayotiki, unaambiwa urudi uvimbe ukipungua.

Sababu ipo. Sehemu yenye usaha ina asidi, na ganzi haishiki vizuri kwenye asidi. Lakini gego la chini huchomwa ganzi nyuma kabisa ya taya, pale mshipa unapoingilia, mbali na usaha. Na uvimbe uliolainika, unaobonyea ukiuminya, unaweza kupasuliwa ukatoa usaha siku hiyohiyo. Kwa hiyo swali ni halali: "Daktari, usaha hauwezi kutolewa leo, hata kama jino litasubiri?" Mara nyingine jibu litakuwa hapana, kwa sababu mdomo haufunguki au sukari iko juu. Ukiwa na homa au uvimbe unaosambaa, antibayotiki ni haki yako kabisa. Kinachosumbua ni ikiandikwa peke yake, bila tarehe.

Maana siku ya tano jino haliumi.

Mtu anakaa nyumbani. Hela imepata shughuli nyingine. Na hiyo ndiyo siku ambayo ganzi ingeshika kwa sindano moja, jino likatoka kwa dakika chache, bila uvimbe wala upasuaji. Siku lisipouma ndiyo siku yake. Omba tarehe iandikwe kwenye kadi, na hela ya siku hiyo itenge kabla ya kununua vidonge.

## Kung'oa au kuokoa

Ni rahisi kumwambia asiye na bima "ng'oa tu". Nimelipima hilo sana, kwa sababu lina ukatili ndani yake: mwenye hela huokoa meno, asiye nazo hubaki na mapengo. Jino la pembe si dawa ya pengo. Pengo la gego huwafanya majirani walale upande, na la juu hushuka kufuata nafasi.

Lakini kutibu mzizi nusunusu ni kubaya kuliko kung'oa. Jino la mbele huwa na mfereji mmoja, na kazi yake inaweza kuisha haraka. Gego la chini huwa na mifereji mitatu hivi, la juu mitatu au minne, na bei hupanda nayo. Jumla hufika mara kadhaa ya kung'oa. Halafu gego lililotibiwa huwa rahisi kupasuka, linahitaji kofia ngumu ya kulifunika, na kofia ina bei yake ambayo siku ya kwanza mara nyingi haitajwi. Kinachotokea: mtu analipa ziara ya kwanza, jino linafunguliwa, maumivu yanakwisha, linazibwa kwa muda. Ziba hiyo ni ya wiki chache. Harudi. Mate yanapenya, vijidudu vinarudi, na mwisho analipia kung'oa jino alilokwisha kulilipia.

Msimamo wangu umekuwa huu. Lenga hela kwenye jino la mbele, na kwenye gego la kwanza la ukubwani la mtoto. Gego hili huota karibu miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na wazazi hulidhani la utoto litakalobadilika. Halibadiliki. Gego la mwisho lililopinda, jino linalotikisika kwa ugonjwa wa fizi, na lililovunjika chini ya ufizi, ng'oa bila majuto. Kwa yaliyo katikati, kama hela yote haijaonekana lakini inakuja, omba jino lifunguliwe na kuzibwa kwa muda tu. Maumivu hukoma na unapata wiki chache za kutafuta. Chache, narudia.

Na kama maji ya baridi yamekuambia kiini bado kizima, kuna njia ambayo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam: uozo hukwanguliwa kwa vijiko vidogo vya mkono, bila mashine wala umeme, mara nyingi bila sindano, kisha shimo hujazwa saruji ya glasi ionoma inayoshika jino yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Huduma hiyo haihitaji chumba cha kifahari. Uliza: "Mnaziba kwa mkono?"

## Asiye nazo kabisa

Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Sera ya msamaha inawahusu watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wengine hupimwa hali zao. Nenda ofisi hiyo kabla ya matibabu, ukiwa na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Ukienda baada ya bili kutoka, mazungumzo yanakuwa magumu. Na mama mjamzito asiambiwe asubiri kujifungua: ganzi ya kawaida ya meno ni salama kwake, usaha ndio usio salama.

## Baada ya kung'oa

Uma pamba nusu saa kamili bila kuichungulia. Kwa saa 24 usisuuze, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo kidonda chenyewe kinavyojifunika. Ukiitoa, mfupa unabaki wazi. Ikivuja tena nyumbani, kunja kitambaa safi, kilowe kidogo, uma nusu saa nyingine ukiwa umekaa. Kuanzia siku ya pili, maji ya chumvi ya uvuguvugu baada ya kila chakula, na mswaki kwenye meno mengine kama kawaida.

Maumivu yanatakiwa kushuka kila siku. Yakipanda siku ya tatu au ya nne, yakielekea sikioni na harufu mbaya, ganda la damu limetoka. Usirudi duka la dawa, antibayotiki haitibu hilo. Rudi kwa aliyeng'oa na ile risiti. Atasafisha shimo kwa maji ya dawa, ataweka pamba yenye harufu ya karafuu, na kwa kawaida nafuu huja ndani ya saa chache. Kabla ya kukata karatasi mpya mapokezi, waambie ni marudio ya jino walilong'oa wao wiki hii, uulize kama kuna cha kulipa.